Kidumu cha Asali na Ndege ya Watu Kumi na Wawili

Jumapili, 3 Agosti 2025

Bado siku kumi na saba eda iishe. Leo gari la matangazo limezunguka Ng'ambo, mtaa wetu hapa Tabora, tangu asubuhi. Kampuni ya ndege ya Kipanga inatangaza ndege yake ijayo — viti mia moja thelathini na mbili, injini za jeti, itafika 2028. Sikutoka. Nimesikia yote dirishani.

Karatasi yenye picha kaniletea Bi Najiat, mama mkwe wa binti yangu Yasmini. Ndege nyeupe, mkia wa kijani. Haijaundwa, imechorwa tu, na watu walikuwa wanaipigia makofi.

Uwesu, marehemu mume wangu, angecheka. Miaka ishirini na miwili alipakia mizigo uwanjani, akaijua kila ndege kwa mlio kabla haijaonekana. Kupanda hakupanda hata siku moja. Alikuwa akisema babu wa babu yake alibeba pembe begani kutoka hapa hadi Bagamoyo, miezi mitatu, na yeye anabeba masanduku hatua arobaini, kisha mzigo unaruka bila yeye. Tulikuwa tupande pamoja, Yasmini akikaribia kujifungua. Alishaniambia nitakaa dirishani.

Bi Najiat hakuja kwa ajili ya karatasi. Alikuja kusema mwanawe Abbasi, mume wa Yasmini, amemkatia tiketi ya Dar, Jumatatu ya tarehe 18. Akasema, "Wewe tulia na eda yako, mkwe. Utamkuta mtoto ameshaogeshwa."

Nikamwambia Mungu akufikishe salama. Nilisema kwa mdomo tu.

Jumanne, 5 Agosti

Yasmini kapiga simu. Miguu imevimba. Anatarajia tarehe 25 hivi. Abbasi amenikatia na mimi — Ijumaa tarehe 22, siku mbili baada ya eda.

Kwa hiyo mwenzangu ananitangulia siku nne. Mtoto anaweza kuzaliwa kwa saa moja. Nimeosha vyombo vilevile mara mbili.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetoa kidumu cha asali uvunguni. Lita tatu. Uwesu aliinunua Ulyankulu mwezi wa tatu, kwa rafiki yake Shilinde, akaichuja kwa kitambaa cha kanzu yake kuukuu. Akabandika plasta na kuandika kwa kalamu: YA UJI WA YASMINI. Herufi za mwisho zimebanana, plasta ilimwishia. Mwezi wa nne akafariki.

Jirani anasema Bi Najiat ameshanunua kanga doti saba, blanketi na beseni la kumwogeshea mtoto. Na Mzee Rashidi, mumewe, ndiye aliyembebea beseni kutoka sokoni, kalivaa kichwani kama kofia, watu wanacheka.

Sawa. Lakini yeye hana asali iliyochujwa na marehemu. Nimeandika hivyo, nikaona aibu. Sifuti.

Alhamisi, 14 Agosti

Ndege ya Jumatatu imefutwa! Bi Najiat kaletewa ujumbe kwenye simu. Wamemhamishia Ijumaa tarehe 22. Ndege yangu.

Wilbroad, aliyekuwa akipakia mizigo na Uwesu, kaja kunijulia hali. Kaamkia akiwa nje ya mlango, kwa heshima ya eda, na huko huko nje akaeleza. Msimu wa tumbaku unaisha, abiria wa Tabora wamepungua. Ile ndege ya viti sabini wameipeleka Mwanza. Huku italetwa ndogo ya viti kumi na viwili, mara moja kwa wiki.

Nikamuuliza, "Kumbe hatupendwi?"

"Hapana, mama. Tumehesabiwa."

Na gari la matangazo bado linapita na ile yake ya mia moja thelathini na mbili.

Alasiri kaja Bi Najiat na mumewe. Mzee Rashidi kasema angalau mtashikana mikono angani. Mwenzangu hakucheka. Begi mwisho kilo kumi na tano, na lake limeshajaa. Kisha akasema, "Kanga zote nitazivaa. Begi watapima, mimi nani atanipima?"

Mimi najua. Uwesu alinisimulia mara nyingi: kwenye ndege ndogo hata watu hupanda mzani, hata bwana mkubwa na koti lake.

Nikamkaribisha chai.

Jumatano, 20 Agosti

Eda imeisha. Nimeoga, nimeswali, nimevaa gauni la bluu. Nimetembea hadi barabara ya Isevya, nikarudi. Jua lilikuwa kali usoni kama sijawahi kuliona. Ndala za Uwesu bado ziko mlangoni. Nimezirudisha pale pale baada ya kufagia.

Nilipita nje ya nyumba ya Bi Najiat. Ningeweza kuingia kumwambia habari ya mzani. Nilisikia mumewe anamwimbia akimfungia begi. Nikapita.

Ijumaa, 22 Agosti

Uwanjani. Naandikia kwenye benchi.

Mzani ni ule ule mkubwa wa sakafuni, Uwesu alikuwa akiufuta vumbi kwa fulana yake. Mimi nimepita, na begi langu, na kidumu — peke yake kilo nne na ushee kidogo.

Bi Najiat kaja wa mwisho, amejaa kama godoro, jasho linamtoka. Wilbroad akamwomba apande mzani. Akauliza, "Mimi? Na begi ndilo lile pale?" Watu wakacheka. Akapanda. Ndege nzima imezidi kilo tisa.

Wilbroad kasema ndege ndogo haibembelezwi. Asipopunguza atabaki, kwa kuwa ndiye wa mwisho, na nyingine ni Ijumaa ijayo. Mtoto hamngojei mtu hadi Ijumaa.

Basi Mzee Rashidi kamtandia kanga pale pembeni, mikono kaiinua juu, uso kaugeuzia ukutani. Mkewe anavua nyuma yake, anamtupia moja moja begani.

"Hiyo ya ngapi, mume wangu?"

"Ya tano. Ulikuwa unasafiri au unahama?"

Wanacheka wote wawili. Mikono ya mzee haishuki.

Nilidhani namwonea wivu wa kiti. Wa kumpokea mtoto. Siyo. Ni ile mikono miwili.

Kanga doti saba, blanketi, beseni, vyote vimetoka. Bado kilo nne. Begini kimebaki kitanda cha chandarua cha mtoto, kile cha kukunja, na nguo zake mwenyewe mbili. Wilbroad anaitazama ile plasta ya kidumu. Anaujua mwandiko.

Bi Najiat katoka nyuma ya kanga, mwembamba, nywele wazi kidogo. Kaja kukaa hapa karibu yangu. Kasema taratibu, mzee wake asisikie, "Mkwe, mumeo alikuwa mtu wa mizani. Ulijua kuwa watu hupimwa?"

Rubani ameshapanda. Nimekipeleka kidumu kwa Mzee Rashidi, nikamwambia akishike, kibaki kidumu ili mkewe apande. Kanga zimemjaa mikononi, anatafuta pa kuziweka, na mimi, kalamu mkono mmoja, sijaachia mpini.