Anwani ya Hamsini na Nane

Jumatatu, 3 Machi
Binti wa dada kaja, katua laptopu katikati ya bisibisi zangu. Ati mama mdogo, barua pepe za kikundi chako cha mafundi zimepitwa na wakati. Ametujengea jukwaa mtandaoni: kila fundi wa kutengeneza cherehani anaingia kwa jina na neno la siri, maswali yamepangwa kama droo za vipuri. Zuri kweli! Na mimi nimechoka na barua arobaini kwa siku za watu wanaobishana kuhusu sindano. Nimekubali. Ijumaa tunafunga barua pepe za kikundi.

Jumanne, 4 Machi
Nimesahau neno la siri. Mara mbili.

Jumatano, 5 Machi
Nahamishia anwani jukwaani, moja moja. Zipo sitini na tatu. Ya hamsini na nane — ya kaka! Tangu tugombanie karakana ya marehemu baba, mwaka wa nne huu, hata salamu hakuna. Nilidhani alishajitoa. Kumbe kila nililoandika limemfikia, pamoja na ule mzaha wa fundi mwenye kichwa kigumu kuliko chuma. Aibu yangu. Nimecheka, kisha nikalia kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Binti anasema basi tumwalike jukwaani. Hamjui mjomba wake huyo. Barua inamfuata mtu alipo, anasoma kimya kimya. Jukwaani lazima ubishe hodi na kujitaja. Kaka abishe hodi kwangu? Thubutu. Nikifunga kesho, nimempoteza.

Mchana fundi mmoja kauliza kwa barua pepe mbona cherehani yake inaruka mishono. Nikajibu kwa wote: kaza uzi wa juu mpaka mwisho. Uongo mtupu! Lakini kaka haoni kazi ikiharibiwa akanyamaza. Tangu utotoni alikuwa akininyang'anya bisibisi.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne. Mafundi tisa wamenicheka. Mmoja anauliza kama ni uzee. Kaka kimya.

Saa saba. Binti anauliza, afunge? Ngoja ninywe chai. Hiki kikombe cha tatu.

Saa tisa na robo. Barua! Ya hamsini na nane, kwa wote: "Dada, nani kakufundisha upuuzi huo? Sindano imewekwa kinyume. Shika bisibisi."

Basi, hakuna zaidi. Binti kaweka kidole kwenye kitufe cha kufunga, ananitazama. Nimemwambia asubiri, naandika.

Nimejibu kwa wote: Nimeishika, kaka. Halafu?