Magazini ya Marehemu Apolinary

Kamachumu, Muleba
2 Juni 1986

Dada Felicitas,

Habari za Kashai, na kifua chako? Sisi huku wazima, kahawa imeanza kuiva. Tangu tumzike kaka Apolinary nyumba zetu zimepoa, lakini tunakula na kulala.

Nina shida. Wezi wanavuna kahawa za watu usiku. Unakumbuka tulivyorudi vitani, mimi na kaka kila mmoja na bastola ya adui: yake ndefu, yangu fupi, za kiwanda kimoja. Yake aliirudisha polisi, ila magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ilibaki katika sanduku lake hapo kwako. Magazini yangu imepinda mdomo, risasi hazipandi. Nipe hiyo yake. Mujuni wa basi ataipitia.

Mdogo wako,
Josia

*

Kashai, Bukoba
11 Juni 1986

Mdogo wangu Josia,

Salamu nimepata, kifua kimetulia. Sanduku lile nilikuwa sijaligusa tangu kaka afie mikononi mwangu. Jana nimelifungua. Mashati bado yana harufu ya dawa nilizomkanda nazo. Kitu chako kiko chini yake, na risasi zake.

Nimeishiwa akili: yake ni ndefu, bastola yako fupi. Itaingiaje? Nisije nikakutumia kitu kikakulipukia mkononi. Na wewe mbona hukuirudisha ya kwako, tangazo lilipotoka? Msalimie wifi Clotilda. Unamtazama yeye na watoto wa kaka?

Dada yako,
Felicitas

*

Kamachumu
19 Juni 1986

Dada,

Nashukuru kusikia unaendelea vizuri. Ondoa hofu. Magazini ndefu inaingia kwenye bastola fupi na kushika vizuri. Inayozidi inachomoza chini ya mpini, basi. Fupi ndiyo haifai kwenye ndefu, inazama ndani bila kufikia pale inaposhikwa. Kaka mwenyewe alinionyesha tukiwa Uganda.

Shemeji na watoto wako mikononi mwangu.

Mdogo wako,
Josia

*

Kashai
28 Juni 1986

Josia,

Hamjambo? Nimeifunga kwenye kitambaa, nikaiweka katikati ya kapu la dagaa. Mujuni hajui anachobeba, na kumdanganya hakukunipendeza. Iwe kwa wezi tu.

Dada yako,
Felicitas

*

Kashai
24 Agosti 1986

Josia,

Sijui nikuulize habari gani. Barua yako haikuja, amekuja Clotilda. Alishuka kwenye basi na watoto wake na sufuria moja. Anasema ulisimama mlangoni kwake mchana, majirani wakitazama, ukamwambia atoke kwenye kibanja cha ukoo kabla hajawamaliza wengine kwa ugonjwa alioua nao mume. Nikamuuliza ulikuwa umeshika nini. Akasema, "Bastola. Ndogo, lakini chini ya mkono wake kulichomoza chuma."

Nilitoka nje nikajifanya nakwenda kuchota maji.

Niambie si kweli.

Felicitas

*

Kamachumu
3 Septemba 1986

Dada yangu,

Pole na wageni. Sikufyatua, na sikuwa na nia ya kufyatua. Wazee wa ukoo walinisukuma. Walisema kijana wa marehemu bado mdogo, mjane ataleta mwanamume mwingine alale juu ya kaburi la kaka. Na ule ugonjwa unajua mwenyewe. Wezi nao walikuwapo kweli, dada, hilo sikukudanganya. Wewe umesoma, unanielewa. Usimwambie Clotilda chuma kile kilitoka wapi. Tusiaibishane.

Mdogo wako,
Josia

*

Kashai
14 Septemba 1986

Josia,

Watoto wa kaka hawajambo, yule mdogo alikuwa na homa, imeshuka.

Nimemwambia. Nilipiga magoti kama kwa mama mkwe nikasema, "Mimi ndiye niliyempelekea." Hakunipigia kelele. Alichukua mkeka wake akauhamishia upande wa mlango, na tangu hapo anapika chakula chake peke yake ndani ya nyumba yangu. Umenitaka tusiaibishane. Mimi ninaamka na aibu na kulala nayo, kwa sababu nilimwosha kaka kwa mikono hii hii, kisha nikakupa risasi zake umtishie mkewe. Na ugonjwa huo, nani anajua aliyeuleta nyumbani, mke au askari aliyetoka vitani? Nyinyi wawili mlitembea pamoja.

Nimekwenda polisi nikaeleza yote, na langu pia. Jumamosi tunakuja, mimi, Clotilda, watoto na askari. Chomoa magazini. Weka vyote juu ya meza, barazani kwa Clotilda.

Dada yako bado,
Felicitas

*

Kisiwani, Muleba
5 Oktoba 1986

Felicitas,

Natumaini barua hii inawakuta salama wote.

Niliviweka barazani, bastola huku, magazini kule, nikafungua mlango wa nyumba. Nilitaka kuwangoja. Niliposikia gari nikaingia migombani. Nilimwona Clotilda akisimama mbele ya ile meza, watoto nyuma yake, hakuna aliyetaka kuipita. Wewe uliita jina langu. Nilikuwa karibu kiasi cha kukuitikia.

Ninaishi na wavuvi, natengeneza nyavu. Hawajui nilikotoka. Nimekonda, dada, na vidonda vya mdomo havitaki kupona. Askari wakiniulizia, waambie niliko, sitakimbia tena. Clotilda usimwambie kuwa naumwa, asije akanihurumia.

Nilikuwa natia sahihi kama mdogo wako. Leo naandika jina tu.

Josia