Gunia Tisini na Sita

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua imepumzika tangu asubuhi, maji hayajapumzika. Barabara ya Malinyi imekatika, ya Mbingu imekatika, na malori ya chakula yamekwama huko njiani. Kambi zimefika tatu, zote mashuleni.

Saa nne amekuja afisa wa kamati ya maafa. Kijana, anaitwa Elineema, buti za mvua, suruali imelowa mpaka magotini. Ana barua ya mhuri. Kanisomea yote, hakuruka mstari. Kuanzia leo mpunga wote wa kwenye stoo na mashine za hapa Ifakara uko mikononi mwa serikali mpaka dharura iishe. Hakuna kuuza, hakuna kuhamisha. Wenye mali watafidiwa baadaye. Atakayetoa taarifa ya uongo ni mahakamani, na leseni ya mashine inaondoka.

Sisi watu wa mashine tunasemwa sana mji huu — eti tunaficha. Nikasema leo watanijua! Nikafungua milango yote miwili. Nikamhesabia mwenyewe, gunia moja moja, mpaka yale ya juu kwenye kichanja. Tisini na sita. Nikaandika, nikasaini ile saini yangu yenye mkia. Elineema akasema angepata watu watano kama mimi kazi ingekuwa nyepesi. Nikajisikia, si uongo. Nikampa na chai.

Jumanne, 16 Aprili

Wameleta dumu mbili za dizeli, za kukobolea mpunga wa kambi tu. Gunia kumi na mbili kwa siku. Siku nane, zimekwisha.

Deus anaendesha mashine hii tangu enzi za marehemu mume wangu, na haongei mpaka awe na sababu. Saa sita akazima mashine, akaja na pumba kichwani, akaniuliza taratibu: mama, na yale ya vitambaa uliyahesabu?

Nikakaa kwenye mzani.

Yale ya vitambaa! Magunia matano ya kwenye kichanja, kila moja limefungwa mdomo kwa kipande cha kanga, kila kanga na nyumba yake. Si chakula yale. Ni mbegu ya pili. Watu wa bondeni hawapandi mbegu yote — nusu wanaileta huku pakavu, ili maji yakibeba shamba wasianze kuombaomba. Mama Balbina ndiye huyaleta kwa niaba ya nyumba tano za kitongoji chao upande wa Malinyi. Shingo ya mwali tupu, mpunga ambao siku hizi hata sokoni huuoni. Hakuna risiti wala daftari. Kitambaa tu, na neno la mume wangu, sasa neno langu.

Na mimi kwa kimbelembele changu nimeyaandika chakula. Mashamba yao yote yako chini ya maji. Ile ndiyo mbegu waliyobaki nayo duniani. Ikishapita kwenye mashine, basi tena.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemwambia Deus aanzie ya mlangoni. Ya kichanja yawe ya mwisho.

Zimebaki sabini na mbili.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimekwenda ofisini kwao. Elineema anakula andazi kasimama, simu mbili zinaita. Nikamwambia kuna magunia matano, huenda si ya chakula. Akaniuliza: huenda, au siyo?

Akasema inawezekana kurekebisha. Najaza fomu mpya, naandika kwamba taarifa ya kwanza haikuwa ya kweli, nasaini, anaipeleka kwenye kamati. Kitakachofuata hawezi kuniahidi. Mimi ni mtu wa nne wiki hii kuja na habari za "nilikosea", na wale watatu walikutwa na mpunga wa stoo uvunguni mwa kitanda. Hakusema kwa ubaya. Macho mekundu, mtu hajalala siku ngapi sijui.

Nikaiona leseni inashuka ukutani. Nikayaona na midomo ya majirani. Nikamwambia ngoja kwanza nikaangalie vizuri. Nikapanda bajaji nikarudi.

Nikaangalie nini? Mwoga mkubwa mimi!

Ijumaa, 19 Aprili

Nimepata akili. Elineema alipopita kukagua nikamuuliza: nikibadilisha gunia kwa gunia, mpunga kwa mpunga? Akasema yeye anahesabu gunia na anaangalia mzani. Zaidi ya hapo hajui.

Nyumbani nina mawili ya kula, barua inaruhusu. Nikayabeba. Jioni akaja Deus anasukuma baiskeli, gunia juu ya keria. Nikamwambia rudisha, wanao watakula nini? Akalishusha kama hajasikia. Nililia kidogo, nikasingizia pumba.

Matatu yamepona. Nimeyapeleka chumbani kwangu na vitambaa vyake. Ya kubadilisha na mawili yaliyobaki sina pa kuyatoa. Mwenye mpunga, wake umefungwa kama wangu, asiyefungiwa hana.

Sikuchagua nyumba. Nilishusha yaliyokuwa juu. Yaliyobaki: kitambaa chekundu, ambacho ni cha Mama Balbina mwenyewe, na cha zambarau, cha Siwema jirani yake.

Jumapili, 21 Aprili

Baada ya misa nikasikia boti imeleta watu wa upande wa Malinyi. Nikaenda shuleni mbio na gauni la kanisani, tope mpaka kwenye pindo.

Mama Balbina yupo! Amekonda. Wajukuu wanne, sufuria moja, ungo wake, na redio kwenye mfuko wa nailoni. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, umenenepa. Nikacheka mwenyewe.

Nikamuuliza Siwema. Akasema siku maji yalipoingia Siwema alirudi kufungulia mbuzi. Boti haikuweza kungoja. Mpaka leo hakuna aliyemwona.

Halafu akaniuliza: vitambaa vyetu vikavu?

Nikasema vikavu, mama.

Na ni kweli. Vikavu kabisa! Nimekaa naye saa nzima na sikuongeza neno. Wajukuu wanakula wali palepale mbele yangu, wali uliotoka kwenye mashine yangu, na mdogo analamba sahani. Nimerudi nyumbani natembea kwa miguu, bajaji zinanipigia honi, sikupanda.

Jumatatu, 22 Aprili

Malori bado. Elineema anasema labda Alhamisi. Zimebaki kumi na mbili, kesho zinakwenda zote. Keshokutwa kambi ni uji.

Deus kaniuliza: mama, kesho inakuwaje? Nikamjibu kwa ukali kwamba kesho ni kesho. Hakustahili.

Jumanne, 23 Aprili

Naandikia hapa kwenye mzani. Saa nane kasoro.

Asubuhi kambi imetuletea akina mama sita wa kupepeta. Naangalia mlangoni — wa tatu ni Mama Balbina, na ungo wake. Sikujua nikimbilie wapi. Akakaa, akapepeta, anawatania wenzake kwamba watu wa mjini hawajui kushika ungo. Gunia la kwanza, la pili, la tano. Mimi nazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

La kumi lilipoisha Deus hakuwa na lingine la kuvuta. Akaleta lile la kitambaa chekundu, akaliweka chini, akaniangalia.

Mama Balbina akasimama.

Nikamwambia yote. Mashine inanguruma, kwa hiyo nilikuwa napiga kelele, na kila mtu akasikia, na Elineema, aliyekuja na gari kuchukua mchele, akasikia. Kwamba nilihesabu kwa kutaka sifa. Kwamba nilisaini. Kwamba nilipewa nafasi ya kusema ukweli nikaogopa leseni. Kwamba matatu nimeyaokoa na mawili nimeshindwa. Deus akazima mashine katikati ya maneno yangu, nikajikuta nafoka peke yangu kwenye kimya.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Alifungua kitambaa chekundu taratibu, akakifunga kwenye kifundo cha mkono, akamwambia Deus: koboa, baba, hili ni langu, na wajukuu wangu wanakula hukohuko. Akaupepeta mchele wake mwenyewe mpaka chenga ya mwisho. Stoo nzima ikanukia. Hakuna aliyemtania mwenzake tena.

Kisha Deus akaenda kuchukua la zambarau. Mama Balbina akawahi. Akalikalia.

Akasema hili si lake. Mwenyewe hayupo wa kuulizwa, na yeye hawezi kumjibia.

Elineema akamwomba kwa heshima, mara mbili. Shikamoo ya pili akamwamkia palepale, maskini, kama vile ndiyo wamekutana. Akasema tisini na sita ndiyo namba iliyopelekwa juu kwenye kamati, gari linasubiri, watu kambini wanaangalia njia. Mama Balbina akajibu kwamba miguu inamuuma.

Basi kijana akaniangalia mimi. Hakufoka. Akafungua mkoba, akatoa fomu mpya, ile ya kurekebisha, akaiweka hapa kwenye mzani ubavuni mwangu, akaweka na kalamu juu yake. Akatoka kwenda kusimama nje karibu na gari.

Kalamu ninayoandikia ndiyo hiyo yake. Fomu iko chini ya daftari hili, naiona ncha yake. Leseni iko ukutani, kwenye fremu aliyoigongomea mume wangu. Deus anafuta mikono ambayo imeshakauka. Dereva amepiga honi mara mbili, sasa mara tatu.

Mama Balbina hajainuka. Nilidhani ananiangalia usoni, kumbe anaangalia mkono wangu. Ameniuliza sasa hivi: mwanangu, unaandika nini muda wote huo?