Lengalenga Zangu na Kabichi za Bibi Yake

Linden, Jumanne

Bon, amezifyeka. Lengalenga zangu zote za mbele ya nyumba, mchicha wa kwetu, mwenye nyumba amezipitishia mashine ya kukatia majani, eti magugu. "Mama, hapa ni pa nyasi tu." Na anatabasamu!

Huyuhuyu, siku anatukabidhi funguo, alituonyesha picha ya bibi yake akilima hapohapo. Amechimbua nyasi, amepanda kabichi. Wakati wa vita kuu serikali ya hapa iliwaomba Wamarekani walime nyumbani, na bibi akaitwa shujaa.

Baba Neema anasema ninyamaze, tusije tukafukuzwa. Nimetoka nje kuangalia. Mashina yamebaki. Lengalenga ukizikata, zinachipua zaidi.

Bibi yake alilima kwa ajili ya vita iliyokuwa ng'ambo. Mimi vita ilinikuta shambani.