Msikiti wa Nyanya

Neema mjukuu wangu,

Hujambo na masomo ya Lahore? Sisi Kitale tu wazima, ila ng'ombe mpya wa mamako anampiga teke kila mtu isipokuwa mimi.

Unauliza niliujuaje msikiti ulionitumia picha yake. Miaka ile ajenti wa kazi za Uarabuni walipotutafuta hadi kanisani, nilienda Jeddah kupikia watu. Dereva wa nyumba ile alikuwa mtu wa Lahore. Siku moja jikoni akanisimulia, kwa Kiarabu chetu cha kubahatisha, msikiti uliojengwa na mfalme wa Kimughali, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, huku akirudia, "Lal! Lal!"

"Nilale saa hii?" nikafoka. "Mafi! Hakuna kulala, nyama iko motoni!"

Akainua nyanya. "Lal!" Kumbe kwa Kiurdu chake anasema nyekundu. Akazipanga nyanya zangu zikawa kuta, vitunguu vyeupe vitatu vikawa kuba, matango manne yakawa minara. Madam, mwenye nyumba, akaingia. Nikajua halas, yamekwisha, narudishwa Kenya. Akautazama msikiti wetu weee, kisha akauliza, "Mlango uko wapi?"

Tulicheka sote watatu. Yule dereva alikuwa na Lahore nzima kifuani, na ilikuwa ikingoja meza tu.

Ukienda tena, zisalimie zile kuta. Ziambie tulizila na wali.

Ni mimi nyanya yako, yule asiyeliwa.