Mume Wangu Amekataa Kitanda

Jumanne, 4 Juni
Papa Furaha amelala tena tangu uji wa asubuhi mpaka jua likaegemea magharibi. Usiku, macho. Anakaa kwenye kiti cha jikoni, koti limefungwa vifungo vyote, mikono magotini, utadhani anangoja misa ianze. Nikimwita kitandani hageuki. Nimechoka. Leo nimeng'oa maharagwe huku nasinzia.

Alhamisi, 6 Juni
Muuguzi wa kituo cha afya anasema ugonjwa huu wa kusahau hugeuza mchana kuwa usiku. Nimnyime usingizi wa mchana, nimpe kazi. Nimempa fimbo apige maharagwe yatoke kwenye maganda. Amepiga vizuri, nguvu bado anazo, hata ameimba. Jioni miguu ilikuwa inamtetemeka. Leo atalala, lazima.

Ijumaa, 7 Juni
Hakulala. Ila sababu nimeijua. Nilimshika mkono nimpeleke chumbani, akautoa taratibu, kwa adabu.

"Mama, unisamehe. Miye niko na bibi. Akikukuta mu kitanda yake, nitamuambia nini?"

Kumbe usingizi haukumkimbia. Yeye ndiye ananikimbia mimi. Anakesha ili asimkosee mke wake, na mke huyo ni mimi. Nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, na ilikuwa hasira, si huzuni.

Jumapili, 9 Juni
Binti yetu Furaha amepiga simu kutoka Kirotshe. Ati nimwonyeshe baba yake picha ya ndoa. Nimemwonyesha. Amemtambua bibi harusi papo hapo, akatabasamu. Akanitazama mimi, akarudi kwenye picha.

"Huyu njo bibi yangu. Weye iko mutu muzee."

Ahsante, Papa Furaha.

Jumatano, 12 Juni
Sasa anatoka. Jana giza limeshaingia, naepua sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nageuka: kiti kitupu. Vijana wa ronde, wanaolinda kijiji usiku, wamemrudisha kutoka njia ya Lushebere. Aliwaambia anamtafuta bibi yake. Mkubwa wao ananifahamu, hakupandisha sauti.

"Mama, mu giza hatujue nani ni nani. Siku ingine tutapiga kwanza."

Ni kweli. Siku hizi huku kwetu anayetembea gizani hasalimiwi. Jirani, Mama Neema, ameleta kamba ya mbuzi, eti nimfunge mguu. Nimemfukuza. Kamba nimebaki nayo.

Alhamisi, 13 Juni
Nimemfunga. Heri nusu shari kuliko shari kamili, ndivyo nilivyojidanganya. Hakupiga kelele. Aliniomba tu nimwambie kosa lake. Asubuhi kifundo cha mguu kimevimba. Nimekikanda kwa maji moto, naye akanishukuru. Najichukia. Kamba nimeirudisha kwa mwenyewe, na sijui leo nitafanya nini.

Jumamosi, 15 Juni
Jana usiku nililala mlangoni kama mbwa, asipite. Leo jioni nimetoka shambani na vumbi la maharagwe usoni, kitambaa mpaka machoni. Amesimama mlangoni, koti mwilini, tayari kwenda. Akaniuliza kama nimekutana na bibi yake njiani. Sikuwa na nguvu za kubishana.

"Nilimukuta," nikasema. "Iko kwa mama yake, mugonjwa. Amenituma nikuangalilie nyumba. Anasema ulale, usimutafute."

Akafikiri. Akafungua vifungo, kimoja kimoja, akaingia chumbani. Punde nikamsikia anakoroma. Mimi nimetandika mkeka jikoni. Mungu anisamehe, ingawa sijui nimemdanganya nani.

Jumanne, 18 Juni
Anaendelea kulala. Mchana anapiga maharagwe, jioni ananisubiri nimletee habari. Namwambia mama mkwe wake anapata nafuu. Huyo ni mama yangu, tulimzika zamani. Leo amechagua maharagwe mazuri, ya manjano, akayafunga kwenye kitambaa nimpelekee mke wake. Mimi sikumbuki kupewa zawadi kama hiyo.

Jumatatu, 24 Juni
Siku tulivu. Hakutoka, hakuuliza njia. Nina wivu na mwanamke yule, nasema bila aibu. Kabla ya kulala aliniita, nikasimama kwenye kizingiti, maana ndani haniruhusu. Akanong'ona:

"Ukimukuta, umuambie sikulalaka na mutu. Namungojea."

Nimemjibu nitamfikishia.