Kopo la Pilipili za Mama

Jumamosi, 5 Machi 1955
Kinondoni. Mbegu ishirini na tatu, zimeota kumi na tisa. Nimehesabu mara mbili. Ndizo zote nilizokuwa nazo — fundo moja la kitambaa alilonipa mama likizo ile ya mwisho niliyokwenda kwetu Songea. Mama hayupo tena. Shamba kalichukua baba mdogo, kang'oa kila kitu, kapanda tumbaku. Basi ile pilipili ya mama, ya manjano, duara kama kifungo cha koti, inayonukia kabla haijauma, imebaki ndani ya kopo la biskuti dirishani kwangu. Nimeiulizia mpaka Kariakoo. Hakuna anayeijua. Hii ikifa, imekwisha.

Nimeiotesha sebuleni kwa sababu ya kuku wa jirani yetu, Bi Kondo. Kuku wale hawana adabu. Masika yakikolea na miche ikifikisha majani sita, nitaihamishia uani na kuizungushia miiba.

Mama mkwe ana wiki mbili hapa. Amekuja kumsubiri Rosalia ajifungue. Sie Wangoni mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemeshani, hawakai chumba kimoja. Kwa hiyo nyumba hii inakwenda kwa zamu. Nikirudi kazini napiga kengele ya baiskeli tangu kwenye mnazi, halafu nakohoa mlangoni kama mwenye kifua. Yeye anatokea mlango wa uani. Nikiingia nakuta chakula kimefunikwa kawa na nyumba kimya. Akiwa na neno anampa Rosalia, Rosalia ananiletea. Rosalia anasema mume wake na mama yake wamemfanya posta. Anacheka mpaka anashika tumbo.

Jumatatu, 7 Machi
Miche imerefuka upesi mno. Myembamba, yote imeinamia dirisha. Inatafuta mwanga, hilo halina ubishi. Nimelisogeza kopo mpaka kwenye nondo, na kila asubuhi naligeuza upande. Maji nusu kikombe, saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijatoka. Nusu kikombe, si tone zaidi. Mie ni mtu wa kipimo.

Jumatano, 9 Machi
Miwili imelala. Shingo imesinyaa pale pale inapotokea udongoni, kama imefungwa uzi. Iliyobaki ina majani ya njano chini. Nimemsimulia Albano, tunayegonga mihuri naye meza moja posta. Kasema bila kuinua macho kuwa hiyo ni njaa, tia majivu. Nimetia kijiko kimoja cha chai.

Alhamisi, 10 Machi
Minne mingine chini. Imebaki kumi na mitatu. Nikigusa kopo wanaruka visubi, vijidudu vyeusi vidogo. Albano kabadilisha dawa — sasa anasema maji ya tumbaku. Nimeloweka, nimenyunyiza. Nyumba nzima inanuka kama mzee wa kilabuni. Nikasikia mtu anapiga chafya huko uani mara tano mfululizo. Nikaona haya, lakini ningesemaje?

Jumapili, 13 Machi
Tumetoka misa. Mimi nimetangulia, Rosalia katikati polepole na miguu yake iliyovimba, mama yake nyuma kabisa. Majirani wameshatuzoea.

Bi Kondo alipita na kapu la mchicha, akachungulia dirishani. Kachomeka kidole kwenye kopo, kakinusa. Akaniuliza, karani, unafuga vyura humu? Anasema udongo umelewa maji, umeanza kuoza, na mizizi nayo haipati pumzi. Nikamwambia kwa upole kwamba mie natia nusu kikombe kwa siku, nusu tu, kwa hiyo si maji. Akasema haya, basi ni mvua ya humo sebuleni. Akaenda zake.

Imenikera. Mwanamke analima mchicha miaka thelathini na mie nambishia na kikombe mkononi. Baadaye nililigeuza kopo kutazama chini. Matundu matatu yalikuwa yameziba udongo. Nimeyazibua kwa msumari na kuongeza manne. Maji yaliyotoka! Yalijaza kisahani. Nusu kikombe gani hicho?

Nimemuuliza Rosalia kama anamwagilia. Anasema hata kuinama hawezi, na mchana wote amelala. Kweli analala. Miche tisa.

Jumanne, 15 Machi
Leo sina mengi ya miche. Asubuhi Rosalia aliamka kichwa kinauma na macho yanaona nyota. Nimempeleka hospitali mjini, wamemlaza. Daktari anasema damu imepanda, akae kitandani, asibughudhiwe na jambo lolote mpaka siku yake. Wa kwanza tulimzika kabla hatujampa jina. Hatukulizungumza hilo njiani. Tulizungumza kama chumvi imebaki.

Nimerudi jioni. Nimepiga kengele, nimekohoa, mlango wa uani ukalia. Ndipo nikatambua — tumebaki wawili, na posta imefungwa. Mama wa watu amekaa kutwa hajui mtoto wake ana hali gani, na mie niliye na habari siwezi kumpa. Nimekwenda kumwomba Bi Kondo. Amefika uani, amemweleza. Nilisikia mama akisema ahsante mara tatu.

Miche saba.

Alhamisi, 17 Machi
Matundu yanapitisha, maji ni yale yale nusu kikombe, na bado udongo unang'aa maji. Juu umeota utando wa kijani. Miwili tena imelala. Mitano.

Nimefanya jaribio. Asubuhi sikutia maji kabisa. Nimepepeta majivu makavu, meupe, nikayatandaza juu ya udongo sawasawa kama poda. Nimefunga dirisha. Mvua haikunyesha, bati halivuji, nimepanda mwenyewe kulitazama.

Saa kumi na moja jioni majivu yamekuwa uji.

Basi. Nimekaa mkekani nikitazama lile kopo. Mchana humu ndani mna mtu mmoja tu.

Ijumaa, 18 Machi
Nimewaza kutwa nzima, nimegonga mihuri miwili juu ya stempu moja. Sina hasira naye. Ameona miche imelegea, akaona ina kiu, akaipa maji. Mimi asubuhi, yeye mchana, kila mtu na huruma yake. Jinsi ilivyozidi kulegea ndivyo alivyozidi kuinywesha. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe kalichukua mwenyewe.

Lakini namwambiaje? Nikimtuma Bi Kondo, nitakuwa nimempelekea mama mkwe lawama kwa mdomo wa jirani. Kwetu hilo ni tusi, lingefika Songea kabla ya barua. Nikilificha kopo uvunguni, nimemwita mharibifu bila kufungua kinywa. Neno kama hili hupita kwa mke, hakuna njia nyingine.

Nimekwenda hospitali saa ya kutazama wagonjwa, nimejiandaa kabisa. Rosalia uso umevimba, ananiuliza mama anakula? Miche inaendeleaje? Nikasema inaendelea. Nesi alikuwa amesimama pale pale na jicho lake. Nikarudi na neno langu.

Mitano bado, mmoja unayumba. Nimeacha kutia maji ya asubuhi. Ndilo niwezalo.

Jumamosi, 19 Machi
Siku ya Mtakatifu Yosefu. Nitaiandika yote.

Jumamosi tunafunga saa sita. Baiskeli ikapata pancha Magomeni, nimeiacha kwa fundi, nikaja kwa miguu. Kwa hiyo hapakuwa na kengele. Na jua lile, na njaa ya Kwaresima, nikasahau hata kukohoa. Nimefika kizingitini nikasikia mtu anaongea sebuleni. Sauti ya mama mkwe. Sijawahi kuisikia kwa karibu vile — nyembamba kama ya Rosalia. Nikaganda.

Alikuwa anaongea na miche. Anasema: nyie miche, kila adhuhuri nawapa kata nzima ya maji, na bado mnalala kama walevi. Mnataka nini? Mwenzangu kafa, mwanawe kawaleta mjini, mkinifia mikononi mimi nitamwambia nini? Na huyo mwenye nyumba naye ameanza kula tumbaku kwa huzuni. Nainusa.

Tumbaku! Nilishika mdomo. Halafu yale ya kufa mikononi yakanishika mimi. Yaani mama huyu amebeba mzigo wa kopo langu wiki mbili peke yake, kama nilivyoubeba mimi.

Nikarudi nyuma hatua kumi, nikakohoa kikohozi cha haja. Mlango wa uani ukalia. Nikaingia, nikasimama mbele ya dirisha. Sijui nani alinipa maneno. Nikasema kwa sauti, nikiitazama ile minne tu, maana wa tano ulikuwa umeshaanguka: enyi miche, shikamoo yangu ifike uani. Mwambieni mama kwamba mie pia nilikuwa nawapa maji, kila asubuhi. Hakuna aliyekosa. Tumewanywesha wawili, maji yamezidi unga. Na tumbaku sili, ilikuwa dawa ya visubi.

Kuku mmoja analia. Nikafikiri nimeharibu kila kitu, sasa atafunga mzigo wake.

Halafu ukutani nje, taratibu: marahaba. Miche, mbona hamkusema tangu mwanzo? Mmekaa hapo mnatazama wazee wawili wanawaua.

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Nikamsikia na yeye anacheka huko uani, kicheko kifupi anakibana. Mie ni mtu mzima, karani wa posta, na machozi yalinitoka juu ya kopo la biskuti. Nilimkumbuka mama. Sioni sababu ya kulificha hilo hapa.

Baadaye akasema tena, miche, mwambieni asiwape maji siku tatu, akwangue huo ukijani, atie mchanga mkavu, awafungulie dirisha mpate upepo. Mkiwa na kiu mtaonyesha. Kwamba ni maji, Bi Kondo alishasema tangu Jumapili. Nimekwangua, nimetia mchanga.

Jumapili, 20 Machi
Minne. Hakuna uliolala.

Baada ya misa nimewaletea miche habari za hospitali: damu imeshuka kidogo, amekula uji, anamsalimu mama. Jibu likaja kupitia dirisha la uani kwamba Mungu ni mwema, na je, miguu? Nikasema miguu bado. Tumekwenda hivyo mpaka chai ikapoa.

Nimeiuliza miche kama mama aliwahi kuionja pilipili hii. Ikajibu kwamba siku ya harusi yetu mama yangu alimfumbatisha saba kiganjani, akamwambia hizi ni za mbegu, mkwe mwenzangu. Alizila zote njiani kabla hajafika kwao. Anasema mpaka leo anaona aibu, na ndiyo sababu hakuweza kulipita kopo lile bila kulitilia maji.

Saba! Angezipanda tungekuwa na msitu. Sikusema hivyo. Nimesema miche, mwambieni hata mie ningezila.

Jumanne, 22 Machi
Saa tisa. Mhudumu wa hospitali kaja posta na baiskeli kuniita. Uchungu umeanza kabla ya siku yake. Rosalia anamtaka mama yake, anamtaka sasa. Zaidi ya hapo mhudumu hajui, au hataki kusema. Nimeomba ruhusa, nimekuja mbio.

Nimekohoa. Nimeingia. Bi Kondo hayupo, kaenda mazikoni Kunduchi. Miche imesimama wima yote minne, na mmoja una jani jipya katikati. Nimeona hilo kwanza, Mungu anisamehe.

Nikasema miche, mwambieni mama uchungu umeanza, na mwanawe anamwita.

Hakulia. Nikasikia sanduku linafunguliwa, khanga zinakung'utwa. Sasa najiuliza nitamfikishaje. Mjini hapajui. Basi liko mbali, na hata tukilipata, siwezi kukaa naye kiti kimoja. Kumpakia mama mkwe nyuma ya baiskeli — hata kuandika naona haya. Nitangulie kwa miguu, anifuate. Lakini mwendo wote ule, na yeye na hofu yake nyuma, na mie na yangu mbele, kimya?

Ninaandika huku nimesimama, uso nimeuelekeza ukutani, maana anapita sebuleni. Amesimama dirishani. Nimesikia kopo linakwaruza ubao, linainuliwa. Kivuli chake sakafuni kina kitu cha mraba kichwani, na juu yake vijiti vinne vinatikisika.

Miche, anasema, mwambieni baba yenu atangulie. Na njiani asinyamaze.